Kuvu ndani ya mti: shamba la iliki linaporudi kuwa msitu

Chuma jani bichi la mti wowote wa msitu wa Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, Tanzania, zima, lisilo na doa. Lioshe, ua kila kilichoko juu ya ngozi yake kwa spiriti na jiki, likate vipande vidogo, kisha uvilaze juu ya agari, ute ulioganda wa kuoteshea kuvu. Siku ya tatu au ya nne nyuzi nyeupe, za kijivu na nyeusi zitaanza kuchungulia kwenye kingo. Hazikutoka hewani. Zilikuwamo tangu jani likiwa mtini, zimejibanza kati ya seli, na mti haukuonyesha hata dalili moja ya ugonjwa. Maabara huziita endofiti, neno linalotokana na Mjerumani Anton de Bary, mwaka 1866. Hapa nitaziita kuvu za ndani.

Sasa chukua shamba la iliki lililoachwa mteremkoni, Usambara Mashariki. Kwanza magugu na vichaka, halafu miti ya mpesi na Macaranga, halafu msizi unaopaa juu ya yote, na miongo kadhaa baadaye, kama mbegu zipo jirani, msambu, mnyasa na mtambaa huanza kudai nafasi yake. Huo ndio mfuatano wa uoto. Je, kuvu zilizo ndani ya miti hiyo nazo hufuatana? Ndiyo, hufuatana. Ila umri wa msitu peke yake haufanyi kazi hiyo. Yapo mambo matatu yanayotembea pamoja na umri: kivuli na unyevu, aina ya jani, na majirani wanaomwaga spora, yaani mbegu za kuvu. Anayepima umri bila kuyatenganisha hayo atapata grafu nzuri isiyoeleza chochote. Na kuna baya zaidi: baadhi ya tofauti atakazoziona zitakuwa zimetengenezwa na jiki yake mwenyewe. Hilo la jiki nitalirudia, kwa sababu ndilo linalosahaulika.

Jani huzaliwa tupu

Baadhi ya nyasi hurithisha kuvu zao kupitia mbegu. Epichloë ndiyo mfano unaojulikana zaidi. Miti ya tropiki kwa kawaida haiko hivyo. Jani jipya hufunguka likiwa karibu tupu. Spora huletwa na upepo na marusho ya matone ya mvua, hutua, huota zikipata umande wa kutosha, kisha hupenya ngozi ya jani au huingilia kwenye vitundu vya kupumulia. Wiki chache baadaye jani la mti ulio kivulini linaweza kuwa limejaa kiasi kwamba karibu kila kipande cha milimita 2 ulichokata kitatoa kuvu, na mara nyingi kipande cha pembeni yake kitatoa kuvu nyingine kabisa.

Ni nyingi kiasi gani? Mwaka 2000 A. Elizabeth Arnold na wenzake walichapisha matokeo ya majani 83 ya aina mbili tu za miti ya Panama, Heisteria concinna na Ouratea lucens. Walipata maumbo 418 ya kuvu. Watu hupenda kuinukuu namba hiyo, lakini namba ya kukaa nayo ni nyingine: asilimia 59 ya maumbo hayo yalionekana mara moja tu. Maana yake ni kwamba hata ukikusanya kwa bidii, hutafika mwisho wa orodha. Ukilinganisha shamba la miaka 5 na msitu wa miaka 60, usilinganishe idadi ghafi ya aina. Linganisha kwa idadi sawa ya vipande vilivyotoa kuvu, au upande uliofanyiwa kazi zaidi utashinda kila mara.

Kazi nyingine ya Panama, juu ya miche ya kakao, ilionyesha kwamba majani yaliyo chini ya mwavuli wa msitu hupata kuvu upesi na kwa wingi kuliko yaliyo kwenye uwazi. Sababu si ngumu kuiona ukisimama sehemu zote mbili saa nne asubuhi. Uwanjani umande umekwisha kauka. Spora iliyotua usiku haijapata muda wa kupenya, na jua linaipiga. Chini ya msitu jani bado linachuruzika, na hewa imejaa spora zinazotoka kwenye majani makavu na magogo yanayooza palepale.

Ndiyo maana kwenye hatua za mwanzo mara nyingi utakutana na kuvu zenye nyuzi au spora zilizotiwa rangi nyeusi ya melanini, kinga yao dhidi ya jua: Cladosporium, Alternaria, Epicoccum. Hizi ni za hewani, huzaliana kwa wingi kwenye nyasi zilizokauka na mabaki ya mazao, na hazichagui sana mwenyeji. Mwavuli ukifunga, Colletotrichum, Diaporthe, Phyllosticta na Pestalotiopsis huongezeka, na pamoja nazo Xylaria. Huyu Xylaria ni wa kuangaliwa. Huzaa vidole vyeusi juu ya magogo yanayooza, na spora zake huingia kwenye majani mabichi yaliyo juu. Shamba jipya lisilo na gogo hata moja halina kiwanda cha spora hizo. Acha magogo mawili matatu na mti mmoja mkubwa katikati ya shamba, na hesabu nzima inabadilika hata kama umri wa shamba ni uleule.

Jani la bei rahisi na jani la gharama

Miti tangulizi, ile inayowahi shamba lililoachwa, huishi kwa haraka. Hutoa majani mepesi, hayana kinga nyingi, huyaangusha baada ya miezi na kutoa mengine. Miti ya msitu mkongwe inayokua kivulini hutengeneza jani nene, gumu, lenye tanini na utomvu, nalo hukaa mtini muda mrefu, wakati mwingine miaka. Kwa kuvu, hizo ni nyumba mbili tofauti. Ya kwanza ni chumba cha kulala wageni: anayewahi kuingia na kukua upesi ndiye anayefaidi. Ya pili ina mlango mgumu, lakini aliyeingia ana muda, na wageni hurundikana mwaka hadi mwaka.

Kwa hiyo ukichuma jani la mpesi kwenye shamba la miaka 5 na jani la msambu kwenye msitu mkongwe, ukakuta kuvu tofauti, umepima nini? Umri wa msitu, aina ya mti, unene wa jani, umri wa jani, kivuli, au vyote? Huwezi kujua, na hakuna hesabu ya kompyuta itakayokuokoa baadaye.

Njia safi ni kutafuta mti mmoja unaoishi kwenye hatua zote. Huko Hawaii wanao: Metrosideros polymorpha, mti unaoota juu ya lava changa na bado unatawala msitu wa kale. Zimmerman na Vitousek waliutumia kwenye mlima Mauna Loa, wakachapisha mwaka 2012. Mti ni aina moja, lakini mvua inatoka milimita 500 hadi 5,500 kwa mwaka, na joto la wastani nyuzi 10 hadi 22. Kuvu za majani zilifuata joto na mvua kwa nguvu, ingawa mwenyeji alikuwa mmoja. Hilo ni onyo kwa yeyote anayetaka kulinganisha shamba changa lililo bondeni na msitu mkongwe ulio kileleni. Ukipanda mita 300 umebadilisha hali ya hewa, na hapo mfuatano wa uoto umeingiliwa.

Sisi tunao msizi, Maesopsis eminii. Kwao ni Afrika ya kati na magharibi, kufika Uganda, magharibi mwa Kenya na Kagera. Uliletwa Amani mwanzoni mwa karne ya 20, na ukataji wa magogo kwa mashine, uliosimama miaka ya 1980, uliufungulia mianya. Hondohondo walimaliza kazi: wanameza tunda, wanaangusha mbegu mbali. Wahifadhi hawaupendi, na wana sababu. Lakini kwa swali hili ni zawadi. Unaota kwenye shamba lililoachwa, kwenye mwanya wa mti ulioanguka, na umesimama pia katikati ya msitu ambao haukulimwa. Pia ni mgeni upande huu wa nchi, kwa hiyo unaweza kuuliza swali la ziada: kuvu zilizo ndani yake zimetoka kwa majirani, au ni zilezile za hewani zinazoingia popote?

Mpangilio unaofaa una sehemu mbili. Ya kwanza: msizi peke yake kwenye hatua tatu, tuseme shamba lililoachwa chini ya miaka 10, kichaka cha miaka 20 hadi 40, na msitu wenye mwavuli uliofunga, yote ndani ya mita 100 za mwinuko. Ya pili: kwenye kila hatua, aina mbili tatu za miti inayoota jirani na msizi huo. Sehemu ya kwanza inakupa mazingira bila kubadilisha mwenyeji. Ya pili inakupa mwenyeji bila kubadilisha mazingira. Na kila hatua iwe na viwanja visivyopungua vitano vilivyotawanyika. Majani 20 ya kiwanja kimoja si vipimo 20 vya hatua hiyo. Ni kipimo kimoja kilichorudiwa. Mara nyingi mashamba machanga yote yako kando ya barabara na misitu yote mikongwe iko mbali. Hapo unapima barabara.

Kuchuma, kuosha, kuotesha

Msizi hupukutisha majani mengi wakati wa ukame, kisha huchipua. Funga uzi wa rangi kwenye vikonyo vya majani mapya siku yanapokunjuka, rudi baada ya wiki 6 hadi 8. Ukichuma bila kujua umri wa jani, tofauti ya wiki tatu inaweza kufunika tofauti ya miaka thelathini ya msitu. Chuma majani matatu yasiyo na doa kwa kila mti, kutoka urefu uleule na upande uleule wa mwavuli. Weka kwenye bahasha za karatasi ndani ya kisanduku baridi. Mfuko wa plastiki hutoa jasho, na usiku mmoja wa jasho unatosha kuotesha kilichokuwa juu ya ngozi. Fanya kazi ndani ya saa 24. Saa 48 ni mwisho.

Hesabu ya vifaa ni bora ifanywe kabla ya safari. Miti 10, majani 3, vipande 16 kwa jani: vipande 480 kwa hatua, 1,440 kwa hatua tatu. Ukiweka vipande 8 kwa sahani ya milimita 90 unahitaji sahani 180, na kwa mililita 20 kila moja ni lita 3.6. Ongeza za majaribio ya usafi, pika lita 4: gramu 80 za dondoo ya kimea na gramu 60 hadi 80 za agari. Kloramfenikoli miligramu 100 kwa lita huzuia bakteria, na inavumilia kupikwa. Streptomaisini haivumilii, hutiwa agari ikishapoa hadi nyuzi 50 hivi. Sufuria ya presha ya jikoni inatosha kama inafika ratili 15 kwa inchi ya mraba (psi): dakika 15 baada ya presha kupanda. Kwenye mwinuko wa Amani, karibu mita 900, ratili hizo 15 hazifikishi kabisa nyuzi 121, kwa hiyo ongeza dakika 5. Usizidishe sana. Kimea kina asidi, na agari iliyopikwa mno kwenye asidi hukataa kuganda.

Usafishaji uliozoeleka: osha jani kwa maji yanayotiririka, kata vipande vya milimita 2 kwa 2, kisha spiriti ya asilimia 95 kwa sekunde 10, jiki yenye asilimia 0.5 ya hipokloriti kwa dakika 2, spiriti ya asilimia 70 kwa dakika 2, kausha juu ya karatasi iliyochemshwa kwa presha. Jiki ya dukani yenye asilimia 3.5 utaichanganya sehemu 1 kwa sehemu 6 za maji. Soma lebo, kwa sababu nguvu hutofautiana, na ile yenye manukato iache dukani. Changanya siku hiyohiyo, kutoka kwenye chupa mpya: jiki hupoteza nguvu ikikaa kwenye joto. Kupata spiriti ya asilimia 70, chukua mililita 74 za ile ya 95 ujaze maji hadi 100.

Na hapa ndipo penye mtego. Dakika mbili za jiki si kitu kimoja kwa majani yote. Kipande chembamba cha mti tangulizi hunywa jiki kwenye kingo zilizokatwa, na kuvu za ndani hufa. Kipande kinene cha msambu hakinywi. Jani lenye vinyweleo nalo hushika viputo vya hewa, jiki haigusi ngozi, na kinachoota ni uchafu wa juu. Ukitumia ratiba moja kwa kila aina, miti ya mwanzo itaonekana ina kuvu chache, ya mwisho itaonekana imejaa, na utaandika kwamba utajiri wa kuvu huongezeka kadiri msitu unavyokua. Huenda ni kweli. Huenda pia ni jiki.

Kwa hiyo kila aina ya jani ipimiwe muda wake kabla ya kazi yenyewe. Chukua vipande 40, vigawe kwa dakika 1, 2, 3 na 4. Vipande vyote vigandamize kwanza juu ya agari tupu kwa sekunde chache, viondoe, kisha vioteshe kwenye sahani nyingine. Sahani ya alama ikiota, ngozi haikusafika. Alama ikibaki safi na kipande kikiota, muda huo unafaa. Ukiongeza dakika na vipande vinavyoota vikapungua ghafla ilhali alama zilishakuwa safi, umeanza kuua unachokitafuta. Chagua muda mfupi zaidi unaotoa alama safi, uandike muda wa kila aina kwenye ripoti.

Mtego wa pili ni mbio. Lasiodiplodia theobromae inaweza kufunika sahani nzima kwa siku tatu. Vipande saba vilivyobaki humo humezwa, na kuvu zao za polepole hazitaonekana. Kwa kuwa kuvu za mbio ni nyingi kwenye maeneo ya joto na wazi, hasara hii huangukia hatua moja kuliko nyingine. Dawa ni kichupa kimoja chenye agari kwa kipande kimoja, ambacho ni kazi ya kuchosha, au kukagua kila siku wiki ya kwanza na kuhamisha ncha ya nyuzi mara tu inapotoka. Baada ya hapo kagua kila wiki kwa miezi miwili au mitatu. Watu wengi hufunga hesabu siku ya 14, na kuvu za polepole, ambazo mara nyingi ndizo ngeni zaidi, hutupwa pamoja na sahani.

Penicillium na Aspergillus zikitokea zimetawanyika katikati ya agari, mbali na vipande, ni hewa ya chumba. Zikitoka kwenye kingo za kipande, usizitupe kwa mazoea.

Ndani ya shina

Majani ni rahisi, na kwa hiyo tunajua mengi juu yake kuliko tunavyojua juu ya mbao. Lakini kwenye mfuatano wa uoto mbao ndiyo yenye uzito, kwa sababu mti tangulizi utakufa, na kinachoamua shina litaozaje kimeshaingia ndani likiwa hai.

Mbao ya nje ya mti hai imejaa maji yanayopanda. Maji hayo huacha hewa kidogo mno, na kuvu nyingi za kuozesha haziwezi kukua humo. Haziko mbali, lakini. Lynne Boddy na wenzake wa Cardiff walionyesha kwenye miti ya Uingereza, hasa mti uitwao beech, yaani Fagus sylvatica, kwamba kuvu kama Biscogniauxia nummularia na Hypoxylon fragiforme hukaa zimetawanyika kimya ndani ya mbao yenye afya. Tawi likivunjika au ukame ukikaza, maji yanapungua, hewa inaingia, na kuvu iliyokuwa nukta inageuka mhimili wa uozo wenye urefu mkubwa ndani ya msimu mmoja. Haikuhitaji kuingia kwa jeraha. Ilikuwa mwenyeji wa nyumba tayari.

Huku kwetu familia ya Botryosphaeriaceae ndiyo inayocheza mchezo huo. Kukauka kwa matawi ya mgrevilea kwenye mashamba ya Kenya kumehusishwa na Neofusicoccum parvum na jamaa zake, kuvu zinazoweza kukaa kwenye shina zima bila neno mpaka mti upate kiu. Kwa shamba lililoachwa, ambako jua ni kali na udongo hukauka upesi, tarajia kuzikuta. Kwenye msizi mkubwa wa kichaka cha miaka 30, chunguza pia vidonda vya shina. Fusarium solani imeripotiwa kuushambulia nchini Uganda.

Mti wa mpira wa Amazon unatoa picha ya upande wa pili. Romina Gazis na Priscila Chaverri walilinganisha mbao ya nje ya Hevea brasiliensis ya porini na ya mashambani: ya porini ilikuwa na Trichoderma na Tolypocladium kwa wingi zaidi, jamii zenye kuvu zinazowinda kuvu nyingine au wadudu. Mti ni uleule, umetolewa kwenye majirani zake. Ndani ya mbao hiyohiyo lilipatikana hata kundi jipya lenye ngazi ya ngeli, Xylonomycetes, lililoelezwa mwaka 2012. Kwa hiyo usimfute Trichoderma kama uchafu eti kwa sababu ni wa kijani na wa mbio.

Kuchukua sampuli: bandua gome sentimita 2 kwa 2 kwa kisu kilichopitishwa motoni, choma uso wa mbao kwa mwali sekunde moja mbili, toboa kwa keekee yenye ncha ya milimita 6 iliyosafishwa kwa moto. Unga wa sentimita ya kwanza utupe, wa sentimita nne zinazofuata uukusanye. Zungusha polepole, ncha ikiwa ya moto mkononi, umepika sampuli. Tundu lielekee juu kidogo kuingia ndani ili maji ya mvua yatoke. Kuona zile zilizolala kimya, kata matawi ya unene wa kifundo cha mkono, mita moja kila moja. Nusu yafunge kwa plastiki, nusu yaache yakauke taratibu kivulini. Pasua baada ya wiki 8 na 12. Mistari myeusi myembamba ndani ya mbao ni mipaka kati ya kuvu mbili zinazogombea eneo. Otesha kutoka kila upande wa mstari.

Kwa DNA

Kuotesha hukosa kuvu zisizopenda kimea. DNA huzikamata, ila nayo ina upendeleo wake. Kausha vipande vilivyosafishwa kwa silika jeli. Tumia CTAB ya asilimia 2, sabuni ya kutolea DNA, pamoja na PVP ya asilimia 2 inayonasa tanini, kwa sababu tanini na utomvu huzuia vimeng'enya. Angalia tena upande wa upendeleo: majani ya msitu mkongwe ndiyo yenye tanini nyingi, kwa hiyo ndiyo yatakayofeli au kutoa aina chache. Kila sampuli ijaribiwe ikiwa nzima na ikiwa imepunguzwa mara 10. Ikifanya kazi vizuri zaidi ikipunguzwa, ulikuwa na kizuizi. Kipande cha DNA kinachosomwa ili kutambua kuvu huitwa ITS; kianzishi ITS1F pamoja na ITS4 au ITS2 hupunguza DNA ya mti wenyewe. Beba sampuli tupu, zisizo na jani, za kila hatua ya kazi, kuanzia kipande cha karatasi kilichopita kwenye jiki, na mchanganyiko wa kuvu unazozijua ili uone mashine inakosea wapi.

Ukitafuta majina kwenye UNITE, hazina ya DNA za kuvu, nyingi zitarudi bila jina la spishi. Na pale zinaporudi na jina, usiamini ITS kutenganisha spishi za Colletotrichum, Diaporthe, Fusarium au Trichoderma. Zinahitaji jeni za ziada, TEF1 au GAPDH kwa mfano. Kusema "Colletotrichum gloeosporioides ipo kwenye hatua zote" mara nyingi ni kusema kundi la spishi nyingi limepewa jina moja, na pengine ndani ya jina hilo ndimo mfuatano wenyewe ulimo.

Kitaluni

Kwa anayeotesha miche ya kurudisha msitu, kuna jambo la kutumia leo. Mche uliolelewa chini ya plastiki na kumwagiliwa chini hutoka na majani yenye kuvu chache za ndani. Unapelekwa mteremkoni mtupu. Kwenye kakao, Arnold na wenzake walionyesha mwaka 2003 kwamba majani yaliyopandikizwa kuvu za ndani yaliumia kidogo kuliko yasiyo nazo yaliposhambuliwa na Phytophthora, kimelea cha kakao, na kazi ya mwaka 2017 ilipata kinga kwa kuiweka miche karibu na majani makavu yaliyoanguka kutoka miti mizima yenye afya ya aina hiyohiyo. Kitaluni maana yake ni kutandaza majani makavu ya mti mama, mti usio na vidonda wala matawi yanayokauka, kuizunguka miche kwa wiki kadhaa kabla ya kupanda, na kuinyunyizia kutoka juu jioni. Usichukue majani chini ya mti mgonjwa, na acha kupulizia dawa ya ukungu wiki hizo, au unafuta kwa mkono wa kushoto unachoandika kwa wa kulia.

Kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na ruhusa ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) kwa hifadhi ya Amani vishughulikiwe mapema. Bila hivyo hutoki na hata jani moja. Kuvu ulizozipata zihifadhi kwenye vichupa vya maji safi yaliyopikwa, vipande vitano vya agari kwa kichupa, kifuniko kimekazwa, chumbani penye giza. Nyingi hukaa hai kwa miaka.

Na miti uliyoichuma iwekee alama, maana hatua hizi zinastahili kurudiwa kwa miti ileile. Kibati cha alumini na msumari ndiyo desturi, lakini msumari ni jeraha, na jeraha ni mlango. Uweke chini, karibu na usawa wa ardhi, mbali na kimo cha keekee. Acha sentimita mbili za msumari nje. Msizi hunenepa upesi, na kibati kilichopigiliwa kubana humezwa na gome pamoja na namba yake.